Yule wa Nyuma

Saa tatu na robo asubuhi, siku ya Ijumaa, kompyuta ya marehemu ilizima yenyewe katikati ya mstari wa wimbo. Skrini iliingia giza, feni ikaendelea kuzunguka kwa mazoea, kisha nayo ikanyamaza. Mjane wake alikuwa amesimama mbele ya maikrofoni, hedifoni masikioni, mdomo wazi kwenye neno ambalo halikufika mwisho.

Mdogo wake marehemu, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha kaka yake, aliweka kiganja juu ya kasha la kompyuta. Lilikuwa la moto kama birika. Kazi yake ilikuwa kutunza kompyuta za ofisi moja ya bima, na kwa kazi hiyo mtaa mzima ulimwita Fundi, hata watu ambao hawakuwahi kumpelekea kitu chochote awatengenezee. Alibonyeza kitufe, akasubiri. Mashine ikawaka, ikatoa mlio mkavu wa kukwaruza kutoka ndani, ikazima tena.

"Diski," alisema.

"Imefanya nini?"

"Inakufa."

Mjane, shemeji yake Fundi, alivua hedifoni akaitundika kwenye mkono wa stendi. "Shemeji, katika nyumba hii ungetafuta neno jingine," alisema, na hakuwa anatania.

Hali ilikuwa hivi. Kwa miaka mingi mume na mke hawa walirekodi nyimbo zao katika chumba cha mwisho wa korido, chumba ambacho awali kilikuwa stoo. Mume, fundi umeme wa kiwanda cha magunia, alipiga gitaa, mke aliimba. Waliegemeza magodoro mawili makuukuu ukutani ili sauti isirudi, wakatundika blanketi dirishani, na mume akabandika utepe mwekundu sakafuni kuonyesha mahali pa mke kusimama. Kisha moyo wa mume ulisimama akiwa kazini, mguu mmoja ukiwa bado kwenye ngazi. Ndani ya kompyuta aliacha wimbo mmoja uliokuwa nusu. Gitaa lilikuwa limekamilika, mwanzo hadi mwisho, na nafasi zimeachwa pale ambapo mke angeingia. Sauti ya mke haikuwa imewekwa.

Mjane hakuufungua wimbo huo. Alisema utangoja. Halafu daktari aligundua uvimbe kwenye tezi ya shingo yake, akampangia upasuaji Jumatatu. Daktari alikuwa mtu mkweli. Alimweleza kwamba neva inayoendesha nyuzi za sauti inapita nyuma ya tezi hiyo hiyo. Kwamba sauti inaweza kurudi kama ilivyo, inaweza kurudi na mikwaruzo, na inaweza isipande tena ilikokuwa ikipanda. Hakuahidi.

Ndipo mjane alipomwita shemeji yake. "Nataka kuuimba ule wimbo kwa sauti aliyoijua yeye," alimwambia. "Nyingine zote nitaimba na sauti nitakayopewa. Huu, na hii."

Kwa hiyo lilikuwa jambo la kufa na kupona, ingawa hakuna aliyelisema kwa maneno hayo.

Fundi alichukua bisibisi. Alipokuwa anafungua skrubu ya kwanza, shemeji yake alisogea karibu, akashika ukingo wa meza.

"Kabla hujaifumua, nikwambie kitu. Usinicheke."

"Sicheki."

"Kuna yule wa nyuma."

Fundi aliinua macho.

"Ukiimba kwenye kompyuta hii," alisema shemeji, "sauti yako inakurudia masikioni imechelewa. Kidogo tu. Kama mtu anayekufuata kwenye korido. Mwanzoni nilikuwa nasimama, nageuka. Kaka yako akaniambia, usimgojee huyo wa nyuma, wewe mtangulie, atafika. Basi nikajifunza kutangulia. Naanza kabla ya gitaa, kiasi kile kile kila mara, yeye anafika na gitaa pamoja, na wimbo unakaa sawa. Miaka yote tumeimba hivyo. Watatu."

"Najua sababu yake," alisema Fundi.

"Ngoja. Tangu tumzike kaka yako, huyu amebadilika. Nimekuwa nikiingia humu mchana na kuimba, nyimbo za zamani tu, nisikie kama yupo. Yupo. Lakini anachelewa zaidi. Kila wiki zaidi. Kama mtu anayetoka mbali kidogo kuliko jana."

Fundi aliweka skrubu kwenye kifuniko cha chupa ili isipotee, na akajibu kwa utaratibu, kama alivyozoea kuwajibu watu wa ofisini. Kompyuta, alisema, haipitishi sauti tone kwa tone. Inaichota kwenye ndoo, na ndoo ikijaa ndipo inapoimwaga upande wa pili. Ndoo kubwa hukawia kujaa, na kukawia huko ndiko mtu anakosikia. Kaka alikuwa anachomeka maikrofoni kwenye tundu la nyuma la kompyuta, tundu lililotengenezwa kwa ajili ya maongezi, si muziki, kwa hiyo ndoo ilibidi iwe kubwa. Na diski ikianza kuharibika, mashine nzima hulegea, kuchelewa kukaongezeka. Hapo hapakuwa na mtu. Palikuwa na mashine mbovu.

Shemeji alimsikiliza mpaka mwisho, ametulia kama maji mtungini. "Sawa," alisema. "Wewe ndiye unayejua." Akaenda jikoni.

Maelezo yalikuwa sahihi. Fundi aliyapitia tena kichwani alipokuwa akiichomoa diski, na hakuona kosa. Skrubu ya mwisho ilimponyoka mara mbili, akalaumu bisibisi.

Hadi jioni alikuwa ameuokoa wimbo. Diski ilikubali kusomwa kupitia kompyuta yake ya mkononi, ikagoma, ikakubali tena. Gitaa lilitoka zima. Alilisikiliza mara moja kuhakikisha, sauti ikiwa chini. Mwanzoni kabisa kulikuwa na kaka yake akihesabu: moja, mbili, tatu, nne; kisha pumzi fupi ya puani, kisha nyuzi. Hakuisikiliza mara ya pili. Uhakiki ulihitaji mara moja tu.

*

Duka la vifaa lilikuwa chini ya jengo la ofisi, na mwenye duka aliitwa Bei Moja, kwa sababu hakuna aliyewahi kumshusha. Jumamosi saa mbili na nusu ndiyo kwanza anapandisha shata la mlango, na Fundi alikuwa ameshasimama nje.

"Fundi. Leo ofisi gani imeunguza nini?"

"Leo ni ya nyumbani. Nataka kuunda kompyuta ya kurekodia muziki."

"Basi umekuja siku nzuri. Hii prosesa hapa, hii inaweza kurusha ndege."

"Ndege inapiga kelele. Nataka isiyopata joto."

Bei Moja aliirudisha prosesa kabatini shingo upande. Fundi alichagua ya wastani, kwa hoja kwamba gitaa moja na sauti moja si mzigo, na kwamba prosesa isiyochemka haidai feni kali. Juu yake alitaka kipoozeo cha chuma chenye mapezi marefu, kisicho na feni kabisa. Kumbukumbu alichukua ya kutosha, si ya kujionyesha. Diski alitaka mbili, zote za aina isiyokuwa na kitu kinachozunguka ndani: moja ya kuendeshea mashine, nyingine ya kuhifadhia nyimbo peke yake, ili siku moja ikizingua nyingine ibaki. Kwenye pawa saplai, kifaa cha kuipa mashine umeme, alitumia muda mrefu. Alisoma maandishi madogo ubavuni mwa kila boksi mpaka akapata ile ambayo feni yake haiamki mpaka mashine ielemewe.

"Mteja," alisema Bei Moja, "kila ninachokutolea unaniuliza kinatoa sauti gani. Unarekodi muziki au umelaza mtoto mchanga?"

"Chumba ni kidogo. Maikrofoni inasikia kila kitu."

"Basi na kasha chukua hili lenye taa. Taa hazina sauti. Zinabadilika rangi zikifuata mdundo."

"Mwimbaji wangu akiimba anafumba macho."

"Wewe je? Hutaki kuona?"

"Mimi naangalia mistari."

Alichukua kasha jeusi lililotandikwa ndani kitambaa kizito kama cha koti. Kikabaki kisanduku cha sauti, kile kinachopokea waya wa maikrofoni na kuigeuza sauti kuwa namba kabla haijaingia kwenye kompyuta. Hapa Bei Moja aliacha utani, maana hiki alikielewa.

"Usiniambie unataka cha rahisi," alisema. "Hiki ndicho moyo wake. Kuna watu wananunua kompyuta ya kifalme, halafu maikrofoni wanachomeka tundu la nyuma, halafu wanakuja kunilaumu mimi."

"Kaka yangu alichomeka tundu la nyuma."

"Ikawaje?"

"Ilichelewa."

Bei Moja alishusha boksi kutoka rafu ya juu, akapangusa vumbi kwa kiwiko. Alionyesha kitufe cha kuzungusha upande wa mbele. "Ukikigeuza hivi, mwimbaji anajisikia moja kwa moja kutoka kwenye maikrofoni. Sauti haipiti kwenye kompyuta kabisa. Hakuna kuchelewa hata nukta. Atajisikia kama anajisikia bafuni."

"Hicho ndicho ninachotaka," alisema Fundi.

*

Aliiunda juu ya meza ya kulia chakula, vifaa vikiwa vimepangwa juu ya shuka safi. Shangazi yao, aliyekuja kukaa na mjane mpaka upasuaji upite, alikuwa ameketi upande wa pili akikunja nguo na kutoa maoni.

"Hicho chuma chenye mapezi ni samaki gani?"

"Kinapooza, shangazi."

"Nami nichukulie kimoja."

Mchana mashine ilikuwa tayari katika chumba cha mwisho wa korido. Fundi alibonyeza kitufe. Taa moja ndogo nyeupe ikawaka. Alisogeza sikio mpaka likagusa kasha na hakusikia kitu. Shangazi, mlangoni na rundo la taulo, naye alisikiliza.

"Imewaka hiyo?"

"Imewaka."

"Mbona haipumui?"

Fundi alirekodi chumba kitupu kwa muda kidogo, akautazama mstari kwenye skrini. Ulikuwa umenyooka kama uzi uliovutwa. Katika kazi yake yote hakuwahi kuunda kitu kilichokuwa karibu hivyo na alichokuwa amekikusudia, na alijiruhusu kufurahi. Akamwita shemeji yake.

Alikuja na glasi ya maji ya uvuguvugu, akasimama kwenye utepe mwekundu, akavaa hedifoni. Fundi alikuwa amekigeuza kile kitufe mpaka mwisho. Shemeji alitoa sauti moja ya kujaribu, ndefu, ya chini. Kisha akanyamaza, akageuza kichwa kidogo nyuma, kwenye godoro.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Usijifanye."

"Tumemwondoa," alisema Fundi. "Ndiyo kazi ya kisanduku hiki. Sasa unajisikia wewe mwenyewe tu."

Shemeji alitoa sauti tena, akasikiliza. "Mimi mwenyewe tu," alisema.

Walijaribu. Kaka alihesabu, gitaa likaingia, naye akaimba, na kwenye skrini sauti yake ilitua mbele ya gitaa. Kila neno lilifika kabla ya uzi wake. Fundi alimwelewesha: unatangulia, shemeji, na sasa hakuna sababu ya kutangulia. Akajaribu kutotangulia. Hapo akawa kama mtu anayeshuka ngazi gizani na kutafuta kwa mguu daraja moja zaidi ambalo halipo: mstari wa kwanza ulitangulia, wa pili ulikawia, wa tatu ulianza vizuri na kujikwaa katikati. Miaka mingi ya kuimba ilikuwa imejengwa juu ya ule upungufu, na Fundi alikuwa ameubomoa kwa kitufe kimoja.

Alisema si neno, sauti inaweza kusogezwa kwa kipanya. Akasogeza. Alipousogeza mstari wa kwanza ukakaa, wa pili ukaharibika zaidi. Hakukuwa na kipimo kimoja cha kusogeza, maana kosa halikuwa moja. Alikata mstari mmoja mmoja, kisha neno moja moja, akamsikilizisha. Maneno yote yalikuwa mahali pake, na ilikuwa kama kusikia mtu anayesoma majina ya vitu.

"Huyo si mimi," alisema shemeji.

Alijaribu tena mpaka sauti ikaanza kukatika juu. Shangazi aliingia bila kubisha, akamvua hedifoni kama mtu anayemvua mtoto kofia.

"Mke wetu, daktari alikwambia usijikaze. Na wewe," alimgeukia Fundi, "huo mtambo wako una haraka ya kwenda wapi?"

*

Jumapili saa nne asubuhi shemeji alikuja chumbani amefunga kitambaa shingoni. Usiku alikuwa amelala vibaya, na sauti ilikuwa nyembamba kuliko jana. Fundi aliisikia mara moja, akajifanya hana habari. Walijaribu mara moja kwa njia ile ile na matokeo yakawa yale yale. Shemeji akakaa juu ya boksi la kasha, mikono mapajani.

"Mrudishe," alisema.

"Shemeji."

"Najua inawezekana. Uliniambia mwenyewe habari ya ndoo. Rudisha ndoo kubwa."

Fundi aligeuza kiti kumtazama. Hoja zote alikuwa nazo mdomoni. Alikuwa amechagua kila kifaa kwenye ile mashine, hadi skrubu za mpira, ili kuchelewa kuishe. Kumwomba akurudishe kuchelewa huko kulikuwa ni kumwomba fundi wa saa aivunje saa ionyeshe majira ambayo mteja amezoea. Tena kulikuwa na jambo la pili, ambalo alilitazama kwa mbali na hakulipa jina: kwamba kila alipogeuza kile kitufe mpaka mwisho, chumba kilikuwa kitupu kwa namna aliyoielewa, na alikitaka kibaki hivyo.

"Itakuwa ni kuchelewa tu," alisema hatimaye. "Namba. Hakutakuwa na mtu."

"Sijakuomba mtu. Nimekuomba kuchelewa."

"Jana ulisema..."

"Jana nilisema mengi. Shemeji, kesho wanakata hapa." Aligusa kitambaa. "Wewe umenipa chumba kizuri kisicho na mtu ndani, nami siwezi kuimba peke yangu. Sikuwahi kujifunza. Ningejifunza, lakini kwa leo?"

Fundi aligeukia skrini. Alikirudisha kitufe upande wa pili, sauti ikapita tena kwenye kompyuta. Akaiambia programu isirekebishe chochote yenyewe, iache kila kitu kifike kinapofika. Kisha akaanza kukuza ndoo, hatua kwa hatua, na shemeji yake akiwa amesimama kwenye utepe anapiga vidole kwenye maikrofoni na kusikiliza.

"Bado," alisema. Akapiga vidole. "Bado. Anakuja. Bado."

Fundi aliongeza.

"Hapo. Hapana, umepita, huyo ni wa baada ya msiba. Rudi."

Alirudi nyuma kidogo. Shemeji alipiga vidole mara mbili, na uso wake ukalegea, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa akacheka, kicheko kidogo cha puani.

"Hapo," alisema. "Huyu ndiye."

Fundi aliisoma namba. Ilikuwa karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde. Aliona kuwa ni kipimo cha kawaida kwa mashine ya zamani ya aina ile, na kwamba mtu aliyeimba nacho kwa miaka mingi angeweza kukitambua kwa sikio. Hapakuwa na la ajabu. Alikwenda jikoni kumwomba shangazi asiguse sufuria mpaka aambiwe.

"Hata kukohoa?"

"Hata kukohoa."

"Basi funga mlango. Nina kikohozi cha pembeni hapa kinangoja ruhusa."

Akafunga mlango wa jikoni, na wa korido, na wa chumba. Akaketi. Akabonyeza kitufe cha kurekodi.

Kaka yake alihesabu: moja, mbili, tatu, nne. Ikaja pumzi. Shemeji alifumba macho, akaingia.

Kwa Fundi, aliyekuwa akimsikia kwa masikio matupu ndani ya chumba na gitaa likivuja kwa mbali kutoka kwenye hedifoni, shemeji alikuwa anaimba mbele ya gitaa, kila mstari, kwa kiasi kile kile. Kwenye skrini ilikuwa tofauti. Mlima wa sauti yake ulitua juu ya mlima wa gitaa kama mkono juu ya mkono. Mstari wa kwanza ulikaa. Wa pili ukakaa. Fundi aliondoa mkono kwenye kipanya, maana hapakuwa na kazi ya kufanya. Sauti ilikuwa nyembamba, na mahali pamoja, juu kabisa, ilionyesha uzi kama nguo iliyochakaa. Lakini ilipanda, ikafika, ikashuka bila kujikwaa. Ulikuwa wimbo wa mtu aliye nyumbani na anayemngoja mwingine aliyetoka. Hakuna aliyelia ndani yake na hakuna aliyeomba. Ulikuwa unaeleza tu mambo yalivyoachwa: taa iko wapi, maji yako wapi, na mwishoni, mara moja tu, kwa sauti ya chini:

Usibishe hodi, mlango nimeurudishia tu.

Uzi wa mwisho wa gitaa ulitetema, ukafifia, ukaisha. Fundi alingoja mpaka mstari uliponyooka, ndipo akasimamisha. Alihifadhi kwenye diski ya nyimbo. Alihifadhi nakala kwenye ile nyingine. Akaifungua nakala, akaruka mpaka katikati, akaruka mpaka mwisho, akatazama. Wimbo ulikuwepo wote, gitaa na sauti, kitu kimoja.

"Imeshikwa," alisema. "Yote. Hakuna pa kurudia."

Shemeji alikuwa bado amefumba macho, hedifoni masikioni, kichwa kimeinama upande kama mtu anayesikiliza habari ndefu kutoka chumba cha pili. Fundi alidhani machozi yanakuja, akaona ni adabu kumpa nafasi na kujishughulisha na vyombo. Alichomoa waya kutoka kwenye kisanduku cha sauti, kisha kutoka kwenye maikrofoni, akaanza kuuzungusha kiganjani.

Shemeji aliinua mkono mmoja kumzuia. Kisha akavuta pumzi na kuimba ule mstari wa mwisho tena, taratibu, akitangulia kwa kiasi kile kile, ingawa hapakuwa na gitaa la kulitangulia.

Fundi aliangalia skrini, kwa mazoea. Programu ilikuwa imesimama. Mstari wa kuingia sauti ulikuwa umenyooka, kama inavyotakiwa, kwa kuwa hakuna kilichochomekwa. Kompyuta haikuwa na maikrofoni nyingine; aliiunda mwenyewe, na hakuweka. Saa ya pembeni ya skrini ilisoma saa sita na dakika nane. Waya ulikuwa mkononi mwake, ncha zote mbili.

Shemeji alimaliza neno la kwanza. Sehemu moja ya kumi ya sekunde baadaye, mstari wa kijani, ule unaoonyesha sauti inayokwenda kwenye hedifoni, ulipanda.